Koti la Kwenye Picha

Katika nyumba yetu ya Mtoni kulikuwa na baba wawili. Wa kwanza alikuwa mtu nadhifu: ndevu zimechongwa, koti jeusi, tai, kalamu kwenye mfuko wa kifuani, macho yanatazama mbele kama ya mtu anayesubiri swali gumu ambalo jibu lake analo. Huyo aliishi ukutani, ndani ya fremu ya kioo, juu ya redio. Wa pili alitoka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi wenzake wamelala, ananuka saruji. Huyo wa pili ndiye mimi. Binti yetu Zubeda, kitindamimba, alimpenda sana yule wa kwanza.

Picha ile nilipigwa katika studio moja ya Kariakoo, siku nilipopokea cheti cha Kiingereza cha elimu ya jioni, hatua ya pili. Nilikuwa mtu mzima tayari, mwenye mvi za kuhesabika, na madawati ya lile darasa yalitengenezwa kwa watoto, hivyo Kiingereza changu chote nimekisoma magoti yakiwa kifuani. Nimesoma jioni miaka mingi kuliko wengine walivyosoma mchana. Nataka msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu mbele kidogo atanicheka, na nisingependa anidhanie mjinga wa kawaida. Ujinga wangu ni wa mtu aliyesoma.

Mke wangu Somoe hakutaka mtoto akue bila adabu. Kila asubuhi, akishamwosha uso Zubeda, alimsimamisha mbele ya redio amwamkie baba yake.

"Shikamoo baba," Zubeda alisema, na kwa kuwa ukuta haukuitikia, aliikaza sauti ikawa nzito, akajijibu mwenyewe, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaenda kunywa chai, ameridhika.

Mimi wakati huo nilikuwa njiani kwenda Kawe.

Mwaka aliozaliwa Zubeda ndio mwaka ambao kiwanda cha nguo cha serikali kilitupunguza. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na pamoja na redio za kaseti na nguo za mitumba viliingia vigae kutoka Ulaya, vyeupe, vya samawati, vyenye maua. Watu wenye nafasi walianza kuona kwamba bafu lisilong'aa si bafu. Nikajifunza kutandika vigae. Hesabu za pembe nilizosoma jioni, ambazo wenzangu walizicheka, sasa zilikata kigae kikaingia nyuma ya bomba kama kimezaliwa pale. Nilipata mkataba wa miezi mitatu kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa anajenga nyumba za kifahari upande wa Kawe, kisha mwingine wa miezi mitatu, kisha mwingine. Hakuna aliyeniambia nimeajiriwa na hakuna aliyenifukuza. Nyumbani kwangu sakafu ilikuwa ya saruji yenye ufa mkubwa kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda.

Mtu akitaka kujua umbali wa Mtoni na Kawe, achukue mji wote wa Dar es Salaam auweke katikati. Nilikwenda kwa baiskeli. Nilikuwa nimesoma katika kijitabu cha afya kwamba kupiga pedali kunaongeza maisha, na nikaamini. Kitu ambacho kijitabu hakikusema ni kwamba maisha yote niliyokuwa nikiyaongeza nilikuwa nikiyatumia juu ya baiskeli. Barabara ya Kilwa nilikariri vitenzi vya Kiingereza vyenye vichwa vigumu. Barabara ya Bagamoyo nilikariri vinyume vya maneno. Walinzi wa maduka waliniita Mwalimu, nami sikuwasahihisha.

Siku za mapumziko zilikuwa chache, Jumapili moja moja, na hizo nilikwenda darasani kusoma Kiingereza cha biashara, hatua ya tatu, kwa imani kwamba familia yangu inastahili baba aliyeendelea.

Jumapili moja mwalimu wetu aliugua, darasa likaahirishwa. Nikabaki nyumbani, nikaketi mkekani kunywa chai kama mwenye nyumba. Zubeda alitoka chumbani, akasimama, akanitazama, akamwendea mama yake.

"Mama, yule wa baiskeli bado yupo."

"Ni baba yako huyo, Zubeda. Mwamkie."

Mtoto alinitazama tena kwa huruma, kama ninavyotazama kigae kilichovunjika ukingo. Akanyoosha kidole ukutani. "Baba yuko pale."

Somoe alicheka mpaka chai ikammwagikia. Na dirishani, kutoka baraza ya jirani, ikaja sauti niliyoiogopa kuliko zote.

"Mtani! Umesikia? Shahidi kashasema, kesi imekwisha!"

Huyo ni Gervas, fundi cherehani, Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki mwenye rozari shingoni saa zote. Mimi ni Mzaramo. Maana yake ni kwamba tangu enzi za mababu zetu ana ruhusa ya kunitukana hata msibani, na ana ruhusa ya kuchukua kitu changu akakishikilia mpaka nimkomboe, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Gervas alishona barazani kwake kuanzia asubuhi hadi jioni, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Zubeda alikua chini ya meza yake, akicheza na vipande vya vitambaa.

"Mtani," nilimjibu dirishani, "mimi niko kazini, nawatafutia."

"Hata marehemu wanasemwa hivyo hivyo! Mie sijakuona mchana tangu mvua za mwaka juzi. Nataka kukuchimbia kaburi nashindwa kupima urefu."

Somoe alipomaliza kucheka alifuta macho kwa upindo wa khanga, akaniambia jambo ambalo halikuwa la kucheka.

"Baba Badru, mwezi huu Zubeda anaanza chuo cha Kurani kwa Maalim Suhaib. Badru ulimpeleka wewe. Farida ulimpeleka wewe. Huyu nani atamshika mkono? Fremu?"

Kwetu mtoto haendi chuoni peke yake siku ya kwanza. Baada ya sala ya alasiri baba anamshika mkono, wanapita mtaani watu wakiwaona, nyuma yao sinia la halua na ubani, na baba mwenyewe anautoa ule mkono mdogo kwake na kuutia katika mkono wa maalim. Nilimpeleka Badru hivyo, alilia njia nzima lakini alinishikilia. Nilimpeleka Farida, alinivuta mbio. Nikamtazama Zubeda akinikwepa kwenda kwa Gervas, nikaona mtaa mzima wa Mtoni ukisimama milangoni kutazama mtoto wangu akinikimbia.

Mtu mwingine angecheza na mwanawe. Mimi niliandika ratiba. Nilipiga mistari kwa rula, nikaweka kichwa cha habari, Mpango wa Kuzoeana na Mtoto, nikakipigia mstari mara mbili na kuibandika karatasi mlangoni. Kipengele cha kwanza kilisema: kumwamsha kabla ya safari, kumpapasa kichwa, kuzungumza naye mambo mepesi.

Alfajiri iliyofuata nikatekeleza. Nilikuwa nimejifunga taulo kichwani kwa ajili ya baridi ya barabarani, tochi mkononi. Nikampapasa. Zubeda akafumbua macho, akaiona taulo, akaiona tochi.

"Mwizi!"

Mtoni neno hilo halisemwi mara mbili. Kabla sijatoa jambo lolote jepesi la kuzungumza, uani kulikuwa na watu wenye fimbo, michi na kipande cha bomba.

"Jamani, mimi!"

"Wewe nani?"

"Hija! Hija bin Mwinyimkuu! Mwenye nyumba!"

Gervas alikuwa mbele yao, amejifunga khanga ya mkewe, mkasi wa kukatia vitambaa mkononi. Akachukua tochi yangu, akanimulika usoni kwa makini, upande huu, upande ule. Akageuka kwa wenzake.

"Simjui. Endeleeni."

Nikafika Kawe nimechelewa, na ratiba Somoe akawashia jiko.

Wiki hiyo hiyo msimamizi wetu Ansbert, mtu mfupi mwenye sauti iliyomzidi kimo, alitukusanya kwenye lundo la mchanga.

"Mikataba inakwisha. Mipya inasainiwa Jumamosi asubuhi, hapa hapa. Mkono wako na kalamu yako. Asiyekuwepo hayupo."

Nikarudi nyumbani na habari hiyo, nikamkuta Somoe hajalala, naye ana habari yake. Maalim Suhaib amepanga siku. Jumamosi.

"Hakuna tatizo," nilisema, kwa sauti ya hatua ya tatu. "Asubuhi naenda Kawe, natia saini, nageuza. Alasiri nitakuwa nimeshakoga, nimevaa kanzu."

Somoe hakubishana. Aliikunja kanzu yangu vizuri, akaiweka juu ya kabati, mahali tunapoweka vitu visivyotumika.

Jumamosi nilitoka kumekucha, kwa kuwa ilikuwa saini tu. Nilipokuwa nachukua baiskeli sebuleni nikaona juu ya redio pana alama ya mraba, ukuta ndani yake mweupe kuliko kwingine. Picha haipo. Somoe yuko uani anatwanga, hageuki. Nikatoka nje nikiisukuma baiskeli, na barazani kwa Gervas, kwenye msumari wa chini kando ya cherehani, nikajiona mwenyewe nimetundikwa, koti, tai, kalamu, natazama barabara. Chini yangu kasimama Zubeda, anafuta vumbi la kioo kwa pindo la gauni lake.

"Mtani, umeiba picha yangu."

"Sijaiba, nimemteka mtu. Huyu bwana ndiye baba wa nyumba ile, mtoto kathibitisha. Mkitaka arudi, mkomboeni."

"Haya, sema unataka nini, nina haraka."

"Haraka yako ndiyo nimeiteka." Akaweka uzi sindanoni, taratibu, akiufumbia jicho moja. "Nataka kutwa yako. Ukae hapa, kwenye kigoda hiki, chini ya picha, tangu sasa mpaka jua lishuke. Watu wakuone mchana."

"Leo nasaini mkataba, mtani. Nikikosa, hakuna kazi."

"Nenda. Mie sijakufunga kamba. Ila baba huyu akibaki kwangu, mtoto naye ni wa kwangu. Alasiri nitamshika mkono mie nimpeleke chuoni. Mnyamwezi, na rozari. Nitamwambia maalim, bismillahi, baba yake yuko Kawe anatandika choo."

Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali. Zubeda alikuwa amemaliza kufuta kioo. Akarudi nyuma hatua moja kuona kama uso wa baba yake umetakata, akaona bado, akatemea kidole mate, akarudi kufuta kwenye shavu.

Nikaiegemeza baiskeli ukutani.

"Mtani," alisema Gervas, na safari hii hakutania, "kaa basi."

Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama kukaa. Kila aliyepita alisimama. "Mzee Hija, unaumwa?" "Mzee Hija, kuna msiba?" Bi Recho, muuza maandazi, alinitazama kwa muda, akaenda zake, akarudi na kikombe cha uji, akanishikisha. Zubeda alihamia upande wa pili wa cherehani ili mimi na yeye tusikaribiane.

"Hakuzoei kwa sababu hufanani," alisema Gervas. "Yule ana koti. Lako liko wapi?"

"Nimeshasema. Lililiwa na mende."

"Mende gani? Mtani, mie fundi. Lile koti ni la studio." Akanyanyua mkasi na kuielekeza ncha yake kwenye picha. "Tazama kifua kilivyovutwa. Kwa nyuma limebanwa vibanio vya kuanikia nguo. Vitatu hivi, au vinne. Miaka yote unatusimulia mende, nami nanyamaza, nasema ipo siku."

Vilikuwa vinne. Nilitazama barabara kama yule wa ukutani.

Gervas akaingia ndani, akatoka na koti jeusi lililokuwa na vumbi mabegani. Lilishonwa kwa ajili ya bwana harusi mmoja wa Kiwalani ambaye siku ya kulichukua alighairi harusi na koti pamoja. Lilikuwa kubwa, mwenyewe alikuwa na kifua. Gervas akanisimamisha palepale barazani, pini mdomoni. "Pumua. Usipumue. Nyanyua mkono. Mtani, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, ndiyo kusoma sana?" Cherehani ikalia asubuhi nzima. Saa za adhuhuri zilipokaribia nilikuwa nimevaa koti, na mimi, kwa akili zangu mwenyewe, nikaongeza kalamu mfukoni. Nikaketi chini ya picha, nikainua kidevu. Nikamwita.

"Zubeda, mwanangu. Tazama."

Akatazama. Macho yakampanuka. Akasimama wima.

"Kavaa nguo ya baba! Vua! Mwizi! Mwizi!"

Vichwa vikatokeza milangoni. Nikaona mchi mmoja ukinyanyuliwa. Gervas akainua mkono wake wenye mkasi juu.

"Mwacheni! Leo namjua."

Mtaa mzima ukacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ni utani na kukasirika ni kushindwa. Lakini ndani ya lile koti jasho lilikuwa limeacha kutoka. Kule Kawe wakati huo wenzangu walikuwa wameshasaini. Nilikuwa nimeuza miezi mitatu, nikanunua kigoda, uji na jina la mwizi.

Mchana ukatulia. Gervas akala, akasinzia juu ya cherehani. Mimi nami, mtu ambaye sijalala mchana tangu nitoke kiwandani, kichwa kikaanza kunielemea. Nilisikia kama kwa mbali Zubeda anakuja kwa nyayo zake ndogo. Alikuwa amekuja kunishitaki. Akasimama mbele ya picha, akaanza kwa adabu, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," niliitikia, macho nimeyafumba. "Umeamkaje? Mama hajambo?"

Sikupanga. Ndivyo mtu anavyoitikia.

Nikafumbua macho. Zubeda alikuwa ameshafungua kinywa kwa ajili ya ile sauti yake nzito, na kinywa kikabaki wazi. Aliitazama picha. Akachungulia nyuma ya fremu, akaona ukuta. Kisha akanigeukia mimi polepole.

"Nani kasema?"

"Mimi."

Akafikiri. "Shikamoo baba," akasema, safari hii akiutazama mdomo wangu.

"Marahaba, Zubeda."

Akashuka ngazi mbio mpaka barabarani, akageuka, akapaza sauti. "Shikamoo babaaa!"

"Marahabaaa!"

Akasema akiwa nyuma ya cherehani. Akasema chini ya meza, amejifunika vitambaa. Akasema kwa kunong'ona ili anikamate. Kila mahali nikaitikia, mpaka sauti ikanikauka na Gervas akaamka akauliza kama adhana imekwisha. Somoe alikuwa amesimama kwenye kizingiti chetu, mchi mkononi. Akaingia ndani. Akatoka na kanzu yangu.

Alasiri tukapita mtaani. Nilivaa kanzu, na juu yake koti la bwana harusi wa Kiwalani, kwa kuwa Zubeda alikataa nilivue. Ikiwa baba amerudi, alisema, basi arudi na nguo zake. Hakunishika mkono hasa. Aliushika mfuko wa koti kwa vidole vyake vyote na kuuvuta chini, mpaka nikawa natembea nimeinama upande mmoja. Nyuma yetu Gervas alibeba sinia la halua na ubani, rozari kifuani, akiwapungia watu kama yeye ndiye anayeanza chuo. Nyuma yake Somoe. Watu walikuwa milangoni kama nilivyoogopa. Hakuna aliyekimbia.

Maalim Suhaib alitoka kwenye mkeka wake. Alikuwa mzee, macho yamefifia.

"Mtoto wa nani huyu?" aliuliza, kwa desturi tu.

Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri. Zubeda akauvuta mfuko.

"Wa huyu," akasema.

Jumatatu nilikwenda Kawe. Kwenye bafu kubwa, lile lenye dirisha la kutazama bahari, nilimkuta Benedikto, kijana wa Masasi, anatandika vigae vyangu vya samawati, na nasikitika kusema alikuwa anatandika vizuri. Ansbert akanijia.

"Hija, Jumamosi hukuwepo."

"Nilikuwepo."

"Wapi?"

"Mtoni."

Alinitazama, akatazama koti, akatikisa kichwa. Mkataba hakuwa nao tena. Alinipa kazi ya kutwa kwa kutwa, leo ipo, kesho njoo tuone, na kazi ya kwanza ilikuwa choo cha mlinzi, kule getini. Mlinzi mwenyewe ambaye siku zote aliniuliza wewe nani, asubuhi ile aliona koti na kalamu, akafungua geti lote, akapiga saluti. Saa moja baadaye alikuja kujisaidia akanikuta nimepiga magoti ndani ya choo chake, koti limetundikwa msumarini. Hakunisamehe.

Koti sikuweza kuliacha. Sasa Zubeda anaamka alfajiri, mwenyewe, kabla ya adhana. Anakuja sebuleni anapepesuka kwa usingizi, ananikagua. Koti, lipo. Kalamu, ipo. Ndipo anasema shikamoo, naitikia, anarudi kulala. Nikitoka bila koti anaita mwizi. Basi ndiyo maana mtu yeyote anayepita Barabara ya Kilwa siku hizi, asubuhi na mapema, anaona mzee kwenye baiskeli amevaa koti jeusi la harusi, ndoo ya saruji inagongagonga nyuma. Walinzi wa maduka waliacha kuniita Mwalimu, wakaanza kuniita Mkurugenzi. Darasa la Jumapili nililiacha. Kiingereza cha biashara kimebaki hatua ya tatu, na sijaona biashara iliyokwama kwa ajili hiyo.

Picha Gervas hakuirudisha. Nilipoidai alisema tulikubaliana kutwa nzima, mpaka jua lishuke, na mimi nilinyanyuka alasiri kwenda chuoni. Kipande cha siku bado hakijalipwa. Nikimwambia nitakuja kukaa kipande hicho anasema siku hiyo ana kazi nyingi. Ukweli ni kwamba wateja wakija kutaka koti anawaonyesha ile picha, anasema hilo alilishona yeye.

Juzi nilikuwa nimeketi pale barazani kwake, Zubeda akapita akitoka chuoni, juzuu kifuani. Gervas akamzuia njiani.

"Mama we, adabu iko wapi? Mwamkie baba yako pale ukutani."

Zubeda hakuitazama hata picha.

"Huyo haitikii," alisema, akaja kunikalia mapajani, juu ya koti.